Somo Mwanahamisi na Askari wa Bati

Tusidanganyane: Mwanahamisi binti Mulamba hakuwa mtu wa kupendwa. Watu walimwogopa, walimwita kwenye kila shughuli ya kartie yetu, mtaa wa Waswahili pale Rumonge, na akishavuka kizingiti kurudi kwake walimsengenya mpaka chai ikapoa. Mrefu, mkavu, kanga kaikaza kiunoni siku zote kana kwamba anakwenda kugombana, na mara nyingi kweli alikuwa anakwenda kugombana. Baba yake alivuka ziwa zamani kutoka upande wa Kongo, akauza chumvi hapa mpaka akafa. Yeye kazaliwa hapa, kaolewa hapa, kamzika mume hapa.

Kazi yake ilikuwa usomo. Msichana akikua analetwa kwake, anawekwa ndani, anafundwa mambo ya mwili na ya nyumba. Kufunda hata wanawake wengine waliweza. Ila kupima, yaani kusema huyu amekua na huyu bado, hilo lilikuwa lake peke yake. Alikuwa na njia yake. Msichana akiletwa, hamkagui kama ng'ombe wa mnadani. Anamtuma kwa jirani kuazima mwiko. Basi.

"Mutoto ukimutuma mwiko, analeta mwiko," alikuwa akisema. "Aliyekua analeta mwiko na habari za nyumba nzima, na anajua ipi aseme na ipi ameze."

Akisema tayari, ni tayari. Akisema bado, hata mahari yawe yamefika mlangoni yanarudi. Na hapo ndipo anapoingia Shafii.

Shafii alikuwa fundi cherehani, barazani kwa duka la nguo, kijana wa nywele zilizopakwa mafuta na maneno mengi. Alimtaka Batuli, binti wa mwanika ndagala, dagaa wa ziwani. Mwanahamisi akamtuma Batuli kwa jirani, na Batuli akarudi anapiga ngoma kwa mwiko kwenye kila ndoo na kila ukuta, anaimba, kasahau hata ametumwa na nani. Bado. Shafii akaja juu, mbele ya uwanja uliojaa wanawake wanaochambua mchele.

"Somo, wewe unaona mwiko tu? Angalia mwili wake!"

"Mwili?" Mwanahamisi hata hakuinuka. "Mwili hata mgomba unao. Nenda ukaoe mgomba."

We! Wanawake walicheka mpaka mchele ukamwagika. Kuanzia siku ile watoto wa kartie walimwita Bwana Mwili. Anapita na kitambaa begani, unasikia nyuma ya ua, "Bwana Mwiiili!" na vicheko. Akaoa baadaye kwingine, Nyanza-Lac, akazaa, akanenepa, lakini yeye hakumsemesha Mwanahamisi tena mpaka siku nitakayoieleza. Kuna watu wana kumbukumbu ya ubaya tu, na huyu alikuwa mmoja wao.

Mwanahamisi alikuwa na mtoto mmoja tu, Swedi. Swedi alikuwa akivusha vitenge kwenda Baraka, ng'ambo ya ziwa. Vita vya waasi wa Mulele vilipowaka kule, aliambiwa asiende, akaenda, akapigwa risasi ufukweni hata hajashusha mzigo. Maiti haikurudi. Mke wake alikaa eda, akarudi kwao, akaolewa, akamwacha kwa bibi yake mtoto wa kiume mwenye miaka sita, jina lake Maneno.

Basi dunia yote ya Mwanahamisi ikawa Maneno. Alimlisha, alimwogesha, alimpiga, alimpeleka chuoni kwa Hadji Athumani kusoma Kurani. Kitu kimoja tu alikiapia: mtoto huyu bunduki isimkaribie. Wanajeshi wakipita barabarani anamwingiza ndani. Na mtoto alipouliza baba yuko wapi, yeye, bingwa wa kujua mtoto aambiwe nini na lini, alipima, akaona bado, akamwambia, "Baba amelala ng'ambo." Hilo neno alikuja kulijutia.

Julai ya sitini na tano, kwenye sherehe za uhuru, akashuka Casimir. Alitoka Bujumbura juu ya kamio, yaani lori, na makasha, mtu mnene wa kofia, mcheshi, kila mtu kwake ni rafiki. Ndani ya makasha mlikuwa na mchezo alioununua kwa Mgriki mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Alisimamisha kibanda karibu na soko. Mbele, meza yenye bunduki ya upepo iliyofungwa mnyororo. Nyuma, turubai lililochorwa miti na milima, na mbele ya turubai ubao mrefu wenye askari wa bati. Kofia za kijani, bunduki mikononi, macho meupe yamekutolea. Unampiga, analia ting! anaanguka chali. Wakishaanguka wote inavutwa kamba pembeni na safu nzima inasimama tena.

Rumonge ilikuwa haijawahi kuona kitu kama kile. Sherehe zikaisha, Casimir hakuondoka. Na watoto! Watoto wasio na senti walipeleka mayai. Casimir, shetani yule, alipokea mayai. Kuku wa kartie nzima wakawa wanaatamia majani makavu. Chuoni kwa Hadji Athumani ikabaki mikeka. Mzee wa watu akatoka na bakora yake kutafuta wanafunzi, akawakuta wote kwenye kibanda, wamefumba jicho moja.

Akina mama wakaja juu kwa Asmani, chefu, yaani mkubwa wa kartie. Asmani alikuwa mtu wa kupenda amani, maana yake mwoga, na isitoshe Casimir alikuwa amekwisha kumpa kofia. Akakuna kichwa, akasema yeye hajui mambo ya umri, mwenye kujua mambo ya umri yuko.

"Nenda kaangalie, Somo," alimwambia Mwanahamisi. "Utakachosema ndicho hicho. Ukisema inafaa watoto, wacheze. Ukisema haifai, nitafunga."

"Kofia utairudisha?" akamuuliza.

Asmani akaishika ile kofia kichwani, akacheka.

Mwanahamisi angeweza kusema hapana palepale. Moyo wake ulikwishasema. Lakini alikuwa na haki yake ya ajabu: hakuwahi kutoa hukumu juu ya kitu asichokiangalia. Akabeba kigoda chake asubuhi, akakiweka mbele ya kibanda, akakaa.

"Amahoro, mama," Casimir akamchangamkia. "Karibu. Hii iko mchezo tu. Bati! Hakuna damu, hakuna nini. Kule Bujumbura hata watoto wa wakubwa wanacheza."

"Sikukuuliza," akajibiwa.

Akaangalia. Na cha kwanza alichokiona kilimkata maini, kwa sababu kwenye kamba, pembeni ya turubai, alikuwa amesimama Maneno wake. Kumbe mtoto alikuwa hapigi. Hakuwa na yai. Alikuwa anavuta kamba. Kumfokea palepale alishindwa, alikuwa amekuja kama hakimu, akaendelea kuangalia.

Watoto walipiga, wakakosa, wakapiga, ting, wakashangilia. Lakini kelele kubwa haikuwa hapo. Kelele kubwa ilikuja Maneno alipovuta kamba na askari wote wakasimama. Hapo ndipo waliporuka, waliposhikana shingo, walipogombea zamu ya kuvuta. Kuna kadogo kamoja hata kalimpa askari pole. Kupiga kulikuwa njia tu ya kufikia kamba.

Maneno akamwona bibi yake. Badala ya kukimbia, akamwita, uso unang'aa.

"Bibi! Angalia huyu. Alilala, sasa ameamka!"

Mwanahamisi aliganda juu ya kile kigoda. Alijua ni nani hasa mtoto anayemngojea aamke. Neno lake mwenyewe lilikuwa limerudi kumwuma. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga na kusema ni vumbi.

Mchana watoto wakasukumwa, wakaja wakubwa wakitoka kula. Na mbele yao nani? Bwana Mwili. Shafii alikuwa mpigaji hodari, hilo tumpe, jicho la kutunga uzi kwenye sindano. Na ndiye aliyeanzisha ule utamu wa kuwapa askari majina.

"Huyu wa kwanza ni Idi muchinjaji," alitangaza, "kwa mifupa anayoniuzia akiita nyama!" Ting. Watu wakacheka, hata Idi mwenyewe akacheka, kisu kiunoni. "Wa pili, Hadji Athumani, kwa ile bakora ya utotoni!" Ting. Vicheko. Kila mtu mle alikuwa na mtu wake. Na Mwanahamisi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuona, aliona jambo moja: askari waliposimama tena, hakuna mkubwa hata mmoja aliyewaangalia. Walikuwa wanatafuta chenji.

Aliona. Aliona vizuri kabisa. Laiti angeishia hapo.

"Na Somo naye?" Casimir akamchokoza. "Unahukumu chakula hujaonja?"

Hilo lilimpata, maana ndiyo ilikuwa kanuni yake. Akainuka. Watu wakapiga vigelegele. Akaishika ile bunduki, yeye, mama wa Swedi, akafumba jicho alivyoona wengine wakifanya. Mikono ikawa imetulia kuliko alivyotegemea.

"Yule wa tatu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, "ni Bwana Mwili."

Ting! Mara ya kwanza tu. Alaa! Watu walikaa chini kwa kucheka. Asmani alishika mbavu, ile kofia aliyopewa na Casimir ikamdondoka. Shafii naye alicheka, meno yote nje, macho hayamo. Akachukua bunduki kutoka mikononi mwa Mwanahamisi kwa adabu kabisa, akangoja kamba ivutwe.

"Wa tatu ni Somo," akasema. Akamwangusha. Akangoja kamba, akamwangusha tena.

Njiani kurudi Mwanahamisi alikuwa na furaha kifuani, na furaha ile ilimtisha. Ilikuwa tamu. Miaka yote hii ya kumchukia yule bwege, na sekunde moja ya ting ilimtuliza kuliko sala. Akajiambia: mimi ni mtu mzima, najua yule ni bati, najua Shafii yuko kwake anakula. Mtu mzima anajua. Akaishikilia hiyo fikra, akaigeuza, ikamkalia vizuri, na akaifanya hukumu.

Jioni, uwanjani kwa Asmani, watu wamejaa, akasema hivi:

"Mutoto anaamini aliyepigwa anaamka. Nimeona kwa macho yangu. Anapiga ili aone anaamka. Siku akipata bunduki ya kweli atapiga, akingojea kamba. Kwa hiyo mutoto asiguse, mpaka akue. Mukubwa anajua aliyelala haamki. Mukubwa acheze, ni shauri yake."

Watu wakaitika. Hata Hadji Athumani, msomi, alisema hukumu ina busara. Mimi nasema hata leo, ukiisikia haraka haraka utaitikia. Casimir akalalamika kidogo kwa ajili ya mayai, kisha akaona wakubwa wana pesa, akanyamaza. Kibanda kikawa cha watu wazima, na mtoto akionekana karibu anachapwa.

Maneno alilia siku nzima kwa ajili ya kamba yake. Akauliza kwa nini. Akauliza tena. Na Mwanahamisi, kwa hasira, kwa uchovu, kwa aibu ya lile neno, akaacha kupima.

"Baba yako hakulala! Amekufa. Walimupiga bunduki na haamki. Umesikia? Haamki!"

Mtoto akajifuta pua kwa mkono.

"Hakuna kamba?" akauliza.

"Hakuna."

Akaacha kulia. Hakuuliza tena habari za baba yake mpaka anakua, na Mwanahamisi alikuwa akiamka na kumwangalia alivyolala.

Casimir alikaa na sisi mwaka na kitu. Bunduki ikalegea springi, turubai likaliwa na panya, akapakia makasha akaenda zake. Lakini kwa muda wote ule wakubwa walicheza. Shafii hakukosa siku. Idi, Hadji, Somo. Idi, Hadji, Somo. Safu ileile. Ikawa mzaha uliozoeleka, watu wakaacha hata kucheka, ila yeye aliendelea.

Maneno alikua vizuri, kwa kweli alikua vizuri. Mpole, mrefu kuliko umri wake, anasaidia kuvuta nyavu ufukweni Gatete, anamletea bibi yake samaki aina ya mikeke. Mwaka wa sabini na moja akaingia jandoni na vijana wenzake. Alipotoka, Mwanahamisi akachinja mbuzi, akaita kartie nzima, hata Shafii alikula. Na bibi huyu asiyejua kusifu akasimama mbele ya watu, akaweka mkono begani kwa mjukuu wake na kusema, "Mulimujua mutoto. Leo tayari. Huyu ni mutu muzima." Ulikuwa mwezi wake bora toka Swedi afe.

Kisha likaja la sabini na mbili. Warundi wanaliita ikiza, yaani janga, na sisi hatujapata jina jingine. Mwisho wa Aprili walishuka watu wenye mapanga, wakaua majirani zetu ndani ya nyumba zao, watu waliokuwa hawajamkosea mtu. Wakaenda zao. Kisha wakaja askari, na askari nao wakaanza kutafuta nani alikuwa na wale, nani aliwapa maji, nani aliwasalimia. Mimi sitasimama hapa kugawa nani alikuwa nani. Waliokufa upande ule na waliokufa upande huu wote walizikwa vibaya, na mwenye kutaka kujisifu kwa hilo akajisifie mbali na mimi.

Asubuhi moja wanaume wote walitolewa nyumbani wakapelekwa uwanja wa soko. Watoto wabaki, walisema. Mwanahamisi akamwambia Maneno akae jikoni, akamfunika na mikeka. Askari akaingia, akainua mkeka, akaona miguu mirefu ile, akamtoa. Bibi akafuata nyuma, kanga kiunoni.

Pale soko lilipokuwa, karibu kabisa na mahali pa kibanda cha Casimir, palikuwa na kamio. Mbele ya kamio kiti, na juu ya kiti sajenti, mtu wa mbali, asiyemjua mtu wa Rumonge. Pembeni yake, juu ya kigoda cha cherehani, alikaa Shafii. Wako wanaosema alipigwa kwanza ndipo akakubali. Wako wanaosema alijipeleka mwenyewe alfajiri. Mimi sijali. Niliyemjua ni yule aliyekaa pale, na hakuwa na alama usoni.

Wanaume walipitishwa mmoja mmoja. Wengi walipita. Kisha akapita Idi mchinjaji, na Shafii akanyanyua kidole. Idi akafikiri ni mzaha, akacheka kidogo, akasukumwa upande wa kamio. Wakapita wengine. Akapita Hadji Athumani, mzee, kanzu imekunjamana, na kidole kikanyanyuka.

Hapo Mwanahamisi akaelewa. Wanawake waliokuwa karibu naye walimsikia akisema, "Ni ubao. Ni ule ubao wa Casimir." Hawakumwelewa. Lakini yeye alikwishajua nani wa tatu, na alijua pia kuwa wanawake hawakuwa kwenye mstari ule, na damu yake iliyokuwa mle ilikuwa mtu mmoja tu.

Maneno akafika. Kidole kikanyanyuka.

Sajenti akamwangalia kijana juu chini. Tuseme haki, alisita.

"Huyu iko mutoto," akasema.

"Mutoto!" Mwanahamisi alikwishapasua safu ya wanawake, amepiga magoti kwenye vumbi, yeye ambaye hakumpigia mtu magoti tangu azaliwe. "Mutoto, afande! Wallahi mutoto! Bado, bado kabisa!"

"Afande," Shafii akasema taratibu, "sisi Waswahili tuko na mupimaji wetu. Ni huyu mama. Mwaka jana alichinja mbuzi, akatuita wote, akasema kijana ametoka jandoni, iko mutu muzima. Waulize watu hawa wote, walikula." Kisha akamgeukia. "Si ulisema, Somo?"

Ndiyo mara yake ya kwanza kumsemesha toka enzi za Batuli.

Nani angesema hapana? Kartie nzima ilikuwa pale, na kila mmoja alikuwa ameila ile nyama. Watu wakaangalia chini. Sajenti akaona vile, akapunga mkono, Maneno akasukumwa.

Mwanahamisi hakumwangalia sajenti tena. Alitambaa mpaka kwenye kigoda, akamshika Shafii goti.

"Shafii. Nisikilize, mwanangu. Akilala huyu haamki. Hakuna kamba. Unajua haamki."

Na Shafii akamtazama kwa macho yake yote mawili. Hakufumba hata moja.

"Najua, Somo," akamjibu. "Mimi si mutoto. Wewe mwenyewe ulisema wakubwa tunajua."

Kule kwenye kamio Hadji Athumani alikuwa ameshindwa kupanda, magoti ya uzee. Maneno akageuka, akampa mikono yote miwili, akamvuta mpaka juu, akamkalisha. Ndicho kitu cha mwisho ambacho bibi yake alimwona akifanya. Kamio likaondoka na barabara ya ziwani, na hakuna aliyerudi kati ya waliopanda.

Nyie mnataka kujua Shafii alipatwa na nini. Hakupatwa na kitu. Alishona. Watu walimpelekea vitambaa, kwa sababu fundi mwingine hakuwepo, na kwa sababu watu ni watu. Mwanahamisi ndiye aliyeacha kazi. Mama akileta binti, anamwambia peleka kwa mwingine, mimi nimesahau. Mwiko aliokuwa akiwatuma watoto kuuazima hakuutaja tena.

Kiangazi cha mwaka uleule watoto wakaanza mchezo mpya. Wanakata uti wa jani la mgomba, wanauchanja vilimi vinavyosimama juu yake, ukivipangusa kwa kiganja vinalia pa-pa-pa. Bunduki. Wakagawana makundi, wakawa wanauana kwenye ule uwanja uliobaki mtupu mbele ya nyumba ya Mwanahamisi. Baada ya yote tuliyoyaona! Akina mama wakashika vichwa. Batuli, yule aliyepiga ngoma na mwiko, sasa mama mwenye mtoto wake mle mchezoni, akaja kwa Mwanahamisi mbio.

"Somo, tuwakataze? Tuwachape? Hii iko laana!"

Mwanahamisi alikuwa amekaa kizingitini. Akaangalia kwanza, kama zamani. Watoto walipigwa, wakaanguka, wakatulia kidogo na macho yamefumbwa kwa nguvu, kisha wakaamka kabla ya zamu na wakaanza kugombana kwamba wewe ulikufa, hapana sikufa.

"Hawa wanaamka," akasema. "Waache."

"Lakini ulisema..."

"Najua nilichosema." Sauti ilikuwa ileile kali. "Niliwakataza watoto kwa sababu wanafikiri aliyelala anaamka. Niliwaruhusu wakubwa kwa sababu wanajua haamki. Batuli, mimi mupumbavu. Hiyo ndiyo sababu wakubwa wanapiga. Angekuwa anaamka wasingejisumbua."

Batuli akakaa naye pale kizingitini.

Shafii akapita barabarani, kitambaa begani, anatoka kwa mteja. Watoto wakamwona. Hakuna aliyewaambia kitu, na hakuna aliyemwita Bwana Mwili. Waliokuwa wamekufa wakaamka, wakasimama na wenzao safu moja kandokando ya uwanja, na wote wakamwelekezea bunduki zao za mgomba, jicho moja limefumbwa, kimya, bila hata pa moja. Akaharakisha mwendo. Batuli akamgeukia Somo, akingoja awakemee. Mwanahamisi aliwaona vizuri kabisa, hakuna aliyekuwa akingojea kamba, na safari hii neno lake la "bado" hakulitoa.